Leta Mzigo Kwanza

Asubuhi ile niliamka nikijua tu kwamba sitalala pale tena. Hakuna aliyenifukuza. Chumba kilikuwa kizuri, majirani wa Mbotela walikuwa wazuri, na kazi ya kupakua viazi sokoni haikuwa mbaya kuliko nyingine nilizowahi kufanya. Ila miguu ilikuwa imeanza kuwasha. Nikatia shati la pili na mswaki ndani ya mfuko wa kitambaa, nikamwachia jirani ufunguo na sufuria, nikashuka hadi Jogoo Road. Pale unachagua: upande mmoja mjini, upande wa pili kwingine kote.

Kando ya barabara ilisimama pikapu kuukuu ya mbao. Dereva alikuwa akihangaika kufunga mlango wa nyuma huku magunia matupu yakimwangukia. Nikaenda kumsaidia kuuinua. Nilipoushika kwa chini, vidole vyangu vikaingia chini ya ukingo wa ubao na kukuta kitu nilichokijua kabla akili haijakijua. Nundu mbili za mviringo, mkia mfupi kama kifungo cha koti, na miguu mirefu iliyokunjwa tayari kuruka.

"Unatafuta nini huko chini?" dereva akauliza.

"Makalio ya sungura."

Akanitazama toka kichwani hadi viatuni. "Kaka, hata jua halijatoka vizuri. Umevuta nini?"

"Ingiza mkono wako."

Akauingiza kwa shaka, kama mtu anayetafuta yai chini ya kuku mkali. Kisha uso ukamfunguka. "Wacha! Naendesha hii dinga siku zote na kuna sungura?"

"Unaenda wapi?"

"Emali."

"Basi ni huko huko ninakoenda," nikasema, na tangu neno hilo linitoke ikawa kweli. Kwa kuwa ng'ambo ya Emali ndiko alikokuwa yule aliyemchonga sungura. Nikapanda nyuma, nikakalia magunia, nikaweka kiganja juu ya sakafu ya mkaratusi. Ilinguruma vizuri. Seremala angefurahi.

Hivyo ndivyo tulivyomwita wote, Seremala, ingawa maseremala wa vitanda na makabati walijaa kila mtaa kuanzia Shauri Moyo hadi Kariobangi. Yeye hakutengeneza kitanda wala kabati. Alitengeneza migongo ya pikapu. Siku hizo, katikati ya miaka ya sabini, magari mengi yalifika kwetu kichwa na mifupa tu: kibanda cha dereva mbele, nyuma chesisi tupu, vyuma viwili virefu juu ya magurudumu. Mwenye gari ndiye aliyejua atafute mgongo wa namna gani. Akiuliza watu wa Makongeni au Mbotela, angeelekezwa kwenye yadi iliyojificha nyuma ya nyumba za kanjo, yaani baraza la jiji, karibu na ua wa reli, akakute mzee mfupi mwenye penseli sikioni akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti isiyo ya wimbo huo.

Mimi nilifika pale kwa kushika mlango wa gari la mteja. Nilikuwa utingo. Shule niliiacha mapema kwa kuwa mwalimu alichoka kujibu na mimi sikuchoka kuuliza. Siku ya kwanza nilimuuliza Seremala kwa nini anaweka vipande vya tairi kuukuu kati ya mbao na chesisi. Akanijibu kwamba chuma na mbao ni kama mashemeji: wakae karibu, lakini wasigusane moja kwa moja. Nikamuuliza kwa nini anapaka sakafu oili chafu ya injini. Akasema mchwa wa Nairobi wamezaliwa mjini, wanataka chakula kisafi. Nikauliza la tatu na la nne. Gari la mteja lilipoondoka, mimi nilibaki, na tangu siku hiyo jina langu pale likawa Maswali.

Alikuwa na sheria moja iliyowatoa watu jasho. Hakuchukua vipimo vya gari. Hakuuliza wataka ubavu wa kimo gani wala wataka rangi ipi. Alisema, "Leta mzigo kwanza." Na mzigo ulipaswa kuletwa kweli, ukawekwa chini mbele ya chesisi, auone. Mwuza kabeji wa Kinangop alileta kabeji. Mwuza maziwa alileta debe lake. Seremala alizunguka kile kitu kana kwamba ni mgeni aliyekuja kuposa. Alikinyanyua, akakinusa, akakigonga kwa kifundo cha kidole, kisha ndipo akatoa penseli sikioni.

"Gari ni sinia," alikuwa akisema. "Huwezi kuniambia nikuchongee sinia bila kuniambia tunakula nini."

Na sinia zake zilitofautiana kweli. Ya kabeji aliiachia nyufa kati ya ubao na ubao, upana wa kidole, kwa sababu kabeji hupumua na zikikosa hewa hunuka zikiwa bado safarini. Ya makaa aliibana mpaka vumbi likakosa pa kutokea. Ya maziwa aliitoboa sakafu matundu ya mviringo, kila debe likae ndani ya shimo lake kama mtoto ndani ya kiti cha kinyozi. Kuna mtu wa makaa aliyetaka kumdanganya. Aliogopa kutozwa zaidi, akaleta gunia lililojazwa nusu. Seremala akalizunguka, akalitazama lilivyolegea, akasema, "Sawa, gunia lako nimeliona." Akamjengea mgongo wa kimo cha nusu gunia, nadhifu kabisa, kila bolti mahali pake. Mtu yule alipokuja kulichukua gari, akashika kichwa.

"Mzee, hii ni ya kubeba nini? Sabuni?"

"Ni ya kubeba kile ulichoniletea, bwana yangu."

Tulicheka mpaka yeye mwenyewe akacheka. Siku iliyofuata akarudi na gunia lililojaa hadi kinywani na nyasi juu, na Seremala akaongeza ubavu.

Kwaya ya kanisa moja la Makongeni ilipochanga ikapata pikapu, waliambiwa vivyo hivyo: leteni mzigo. Wakaja wote, wanaume wa reli na wake zao, wamevaa kanzu za Jumapili siku ya Jumatano. Akawapanga kwenye safu mbele ya chesisi.

"Imbeni," akawaambia.

Wakatazamana. "Tuimbe?"

"Mzigo wenu ni uimbaji ama ni viazi?"

Wakaimba. Yeye hakuwasikiliza kabisa. Alichuchumaa akatazama miguu yao. Walipomaliza akasema, "Sauti ya pili mnayumba sana upande wa kushoto." Akaongeza jani moja la springi upande huo, na akaweka viti vya mbavuni vyenye ukingo wa kushika. Kwaya hiyo ilizunguka harusi zote za Eastlands bila mtu kuanguka, na mama mmoja wa sauti ya pili hakumsamehe kamwe.

Asili yake alikuwa mchonga vinyago. Alikuja Nairobi kuchonga twiga wa kuwauzia watalii, na aliwachonga mpaka siku moja, akasema, akaota kwamba twiga wote wamesimama kuzunguka kitanda chake wakimtazama, na wote wana uso mmoja. Asubuhi akauza tindo ndogo akanunua randa kubwa. Lakini mkono uliozoea kuchonga haukuacha. Kila pikapu aliyoitengeneza aliiwekea mnyama, na alimweka chini ya ukingo wa mlango wa nyuma, pasipoonekana, na alichonga upande wa nyuma tu. Makalio na mkia. Ya kabeji ilikuwa na ngiri, mkia juu. Ya kwaya ilikuwa na kanga, na wenyewe hawakujua. Wengi hawakujua hadi magari yalipokufa.

"Mbona hawana uso?" niliuliza.

"Kitu kinachoondoka huonyesha mgongo," akajibu. "Umewahi kuona gari likitoka hapa kinyumenyume?"

Mtu huyu aliyevipa mgongo vyombo vyote vya barabarani hakujua kuendesha, na hakukubali kukaa kiti cha mbele. Ukimpa lifti angepanda nyuma, hata akiwa na suti ya mazishi, alale ubavu na sikio juu ya sakafu asikilize mbao zinavyosema. Mara nyingine angegonga kwa ngumi tusimame katikati ya barabara, magari yakipiga honi nyuma yetu, ashuke na spana akaze nati moja. Hakukaza sana. "Bolti ikikazwa kwa hasira hukatika kwa aibu." Alikunywa chai kwenye kopo la jemu ingawa kabatini alikuwa na vikombe sita vya maua, zawadi ya wateja. Na hakuweza kustahimili kushukuriwa. Ukianza "Mzee, asante sa—" angewasha msumeno.

Lakini kilichofanya watu waingie yadini kila siku, hata wasio na gari, kilikuwa kile kitu kilichokaa pembeni kabisa, chini ya paa la mabati. Pikapu yake mwenyewe.

Ilikuwa ya zamani kuliko zote, ya enzi za masetla wa Kizungu, yenye pua ndefu na taa mbili za mviringo kama macho ya bundi aliyeshtuliwa. Aliipata ikiwa kichwa na mifupa kwenye shamba la kahawa Ruiru, akaivutisha hadi Mbotela kwa trekta. Sote tulijua ni ya nini, kwa sababu hakuificha. Mkewe alikuwa nyumbani ng'ambo ya Emali, na huko maji huchimbwa mchangani, kwenye mto uliokauka. Unachimba, unangoja shimo lijae, unateka kata kwa kata, unapakia punda, unapanda kilima. Kila siku. Punda walizeeka, mkewe akawa anabeba kile punda walichoshindwa. Seremala alimwahidi mkewe siku alipoondoka kwamba hatarudi kwa basi. Atarudi na gari la kuleta maji mlangoni.

"Likiisha, mimi ni mtu wa nyumbani," alituambia. "Mtatafuta seremala mwingine."

Na karibu liishe mara nyingi! Nimeliona likiwa na sakafu nzima na mbavu mbili, limebakiza mlango wa nyuma tu. Kisha angekuja mteja mwenye haraka, gari lake linangojewa, na Seremala angepapasa mbao zilizorundikwa yadini akatikise kichwa. Mbichi. Ukimwekea mtu ubao mbichi, utajikunja na kufungua bolti kabla ya Krismasi. Mbao zilizokauka sawasawa katika yadi nzima zilikuwa za gari lake. Basi angechukua nyundo, ang'oe ubao mmoja wa mkewe, halafu mwingine.

Watu walimwita mkarimu. Mimi niliyekuwa pale kila siku sikuwa na hakika kama ni ukarimu au ni kiburi cha kazi. Nadhani hakuvumilia kusikia kwamba mahali fulani, Thika au Nakuru, kuna mgongo wake unaolia kwa mbao mbichi. Lakini kwa kila ubao uliotoka pale, kulikuwa na mtu mmoja ng'ambo ya Emali aliyepanda kilima na mtungi.

Kibanda cha Mama Nyanya nacho kilitoka pale. Mama huyu alikuwa mjane kutoka upande wa Murang'a, aliyeuza nyanya na vitunguu mbele ya kichochoro cha kuingilia yadini akiwa amekaa chini, mvua ikimnyeshea. Kanjo walimfukuza hivi, akarudi vile. Baada ya siku mbili tatu Seremala akang'oa mbavu zote za pikapu yake, akamjengea kibanda imara juu ya mawe, kwenye mdomo wa kichochoro kabisa, mahali pa wateja wengi. Tangu hapo magari ya wateja tuliyatengeneza nje, kando ya barabara. Na katika watu wote tuliopita pale kila siku, mafundi, madereva, wanaume wa reli wanaojua kupima upana wa behewa kwa jicho, hakuna hata mmoja aliyeona kwamba tumeifungia pikapu ya Seremala ndani. Hatukuona kwa sababu hakuna aliyeamini kwamba ingetoka.

Vijana wa mtaa walimpigia kelele wakipita. "Sasa Mzee! Hii dinga itatoka lini?"

"Ikikauka!"

"Mbao ama wewe?"

Naye alicheka. Alikuwa mwepesi wa kucheka. Jioni, wengine wakishaondoka, nilimwona wakati mwingine akikaa ndani ya pikapu, nyuma, juu ya chesisi tupu, miguu inaning'inia, akiangalia mdomo wa kichochoro. Hapo hakuimba.

Mwaka ule wa kiangazi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, tulikuwa nje tukipiga randa tuliposikia kishindo barabarani kama treni imeacha reli. Tukasimama wote. Mwanamke mwembamba, mrefu, kitenge kimefungwa kiunoni, alikuwa akisukuma pipa kubwa la chuma kwa mguu, likibingirika mbele yake juu ya kokoto. Alikuwa ameteremka stendi ya mabasi na pipa lake na kulibingirisha njia nzima. Watoto walimfuata. Hakutuuliza njia. Alipita kati yetu, akapita ubavu wa kibanda cha Mama Nyanya, akaingia yadini, akalisimamisha pipa chini, mbele ya pua ya ile pikapu ya macho ya bundi.

Seremala alikuwa ameshika kopo lake la jemu. Chai ilimwagika polepole bila yeye kujua.

"Habari za hapa, Baba," mkewe akasema.

"Nzuri, Mama. Ume... ungeniandikia ningekuja stendi."

"Ungekuja na nini?" Akageuka akatazama chesisi iliyobaki na mbao nne. "Tangu Emali nimehesabu magari yako. La mchele, lako. La mbuzi, lako. Dereva wa basi ananiambia, mama, yule mumeo ni fundi. Nikamwambia najua. Lako mwenyewe liko wapi?"

"Mbao zilikuwa hazijakauka," Seremala akasema kwa sauti ndogo.

"Mimi nimekauka," mkewe akajibu. "Nasikia hapa mtu huanza kwa kuleta mzigo. Mbona wewe hukuwahi kuleta wako? Haya. Nimekuletea."

Kisha Seremala akaweka kopo chini. Akaanza kulizunguka pipa. Alilizunguka kama alivyozunguka kabeji na kwaya, polepole, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio, akaingiza kichwa chote ndani kana kwamba anaita mtu kisimani. Alipotoa kichwa, macho yalikuwa na maji, lakini mkono ulikuwa umeshafika sikioni kutafuta penseli.

"Yatakuwa mapipa mangapi?" akauliza, kwa ile sauti yake ya kumuuliza mteja.

"Yatakayoenea."

Mama Nyanya ndiye aliyeanza. Aliingia yadini na mbao mbili za ukuta wa nyuma wa kibanda chake, bado zina misumari. Seremala akakataa. "Mama, hizo nilikupa."

"Yeye hachukui," mkewe akasema akinyoosha mikono. "Mimi nachukua."

Wakatazamana wale wanawake wawili, mmoja wa nyanya, mmoja wa maji, wakaangua kicheko, na tangu hapo Seremala hakuwa na usemi. Walikaa pamoja kibandani kila siku, na kila dereva aliyepita aliitwa. "Wewe, kabeji! Ubavu wako una ubao wa dada yangu." Mwuza kabeji akarudisha mbao mbili, na akaapa atawaendesha hadi nyumbani mwenyewe. Kwaya ikatoa kiti kizima. Yule wa makaa alileta ubao mweusi tii, akaomba samahani kwa rangi yake. Seremala aliunganisha yote hayo bila kulala vizuri, akiimba tena, na pikapu ikapata mgongo wa mabaka mabaka ulionuka kabeji na makaa na mafuta ya nywele ya sauti ya pili.

Jumamosi ya kutoka, mimi niliosha kabureta, na mwuza kabeji akapiga hendeli ya kuwashia. Alipiga mpaka akavua shati. Mara injini ikakohoa, na chini ya boneti akatoka kuku mwekundu, amekasirika, akavuka yadi akitukana. Kisha moshi mweusi. Kisha ngurumo. Watu wakashangilia kama timu imefunga bao. Pikapu ikasogea taratibu hadi mdomo wa kichochoro, na pale ikasimama.

Kibanda.

Tulikitazama. Tukaitazama pikapu. Mtu mmoja akapima kwa mikono yake, akaishusha.

"Mimi ndiye niliyekijenga pale," Seremala akasema kwa mshangao wa kweli. "Kwa mikono yangu!" Kisha akaongeza haraka, na nikaona hofu yake, ile ya zamani, ikitafuta mahali pa kukaa: "Basi, tungoje. Wiki ijayo naweza kupunguza mbavu..."

"Hakuna wiki ijayo," mkewe akasema kutoka kiti cha mbele.

Wanaume wa reli walikuwa ndio wanatoka zamu ya asubuhi. Nyapara wao, mtu mpana mwenye sauti ya king'ora, akakizunguka kibanda mara moja. "Hiki? Sisi tunanyanyua reli. Mama, shuka."

"Sishuki," Mama Nyanya akasema ndani. "Nyanya nimezipanga tangu alfajiri. Nikishuka ni nani atazishika?"

"Mama, tutakunyanyua na wewe?"

"Kwani nina uzito wa reli?"

Wakajipanga pande nne, wakainama, mabega chini ya mbao. Nyapara akaanza kile kiitikio chao cha kazini, akakibadilisha papo hapo.

"Chuma kizito!"

"Inua!"

"Na mama yumo!"

"Inua!"

"Na nyanya zake!"

"Inua, inua, inua!"

Na kibanda kikapanda hewani. Mama Nyanya alikuwa amekumbatia nyanya zake kwa mikono yote miwili, kitambaa kimemteremka machoni, akipiga kelele, "Polepole! Kushoto! Wanaume nyinyi, kushoto!" Mteja mmoja aliyefika akafuatana nacho akiuliza bei ya vitunguu, akajibiwa. Nyanya moja ikaanguka. "Hiyo yenu, gawaneni!" Wakakiweka upande wa pili, chini ya ukuta, wakakigeuza kielekee barabara, na mwenyewe akasema hapa ni pazuri zaidi, mbona hamkunileta zamani?

Pikapu ikapita. Seremala alikuwa nyuma amesimama, mkono mmoja juu ya pipa, mwingine unapunga. Tulipofika Jogoo Road nilikimbia kando nikamwita.

"Mzee! Umeweka mnyama gani?"

Akashika sikio kana kwamba hasikii. Alisikia vizuri. Nami ndipo nikakumbuka kwamba usiku ule wote wa mwisho wa kazi hakuchonga kitu. Nilipapasa ule ukingo asubuhi. Ulikuwa laini.

Yadi ilichukuliwa na mchomeleaji. Migongo ya chuma ilikuwa imeanza kufika, yote sawa, ya kubeba chochote. Nami nikaondoka, Thika, Kisumu, Eldoret, nikarudi, nikaondoka tena.

Haya ndiyo niliyokuwa nikiyawaza juu ya magunia mpaka vumbi likawa jekundu na dereva wa sungura akagonga kioo. Emali. Sikuwahi kushuka pale. Nikavuka reli, nikamuuliza mwanamke aliyekuwa amepanga mitungi mitupu kando ya njia pamoja na wenzake kama anamjua mzee fulani seremala, wa kutoka Nairobi.

"Wa pikapu? Panga foleni," akasema. "Maji yanakuja."

Nikapanga foleni bila mtungi. Haikupita muda, yakaonekana kilimani yale macho ya bundi. Gari likateremka kwa heshima, bila haraka, mgongo wake wa mabaka umejaa mapipa, na kwenye usukani alikaa yule mwanamke mrefu, viwiko nje, anatafuna kijiti. Nyuma, kati ya mapipa, mzee mfupi alikuwa amelala ubavu, sikio juu ya sakafu.

Gari lilisimama. Akainua kichwa. Mvi zilikuwa zimemfika hadi masikioni, lakini penseli ilikuwa palepale.

"Maswali!"

"Shikamoo, Mzee."

"Umebeba nini?"

Nikainua mfuko wangu. "Shati na mswaki."

"Huo si mzigo, hiyo ni bahati. Panda."

"Mbona bado unakaa nyuma?"

"Mbele kuna dereva."

"Yule wa kabeji alinifundisha, kwenye mchanga wa mto," mkewe akasema, akinipokea mkono dirishani. "Yeye tulimfundisha pia. Akagonga choo cha jirani. Na jirani alikuwemo."

"Alikuwa amemaliza," Seremala akasema.

Tuligawa maji mpaka mapipa yakalia matupu, kisha tukapanda kilima. Hawakuniuliza nitakaa siku ngapi. Jua lilipoanza kushuka mama alinionyesha chumba kando ya zizi, chenye harufu ya maranda na mkaratusi, na kitanda cha mbao nene kilichofungwa kwa bolti. Kwenye zizi punda wawili wazee walikuwa wakitafuna bila haraka, migongo yao imeota manyoya mapya palipokuwa na makovu ya mizigo.

"Kitanda?" nikamuuliza Seremala. "Wewe ulisema hutengenezi kitanda."

"Ni cha wageni. Mgeni ni mzigo kama mzigo mwingine," akasema, akaenda zake kuangalia nati.

Nikaketi. Nikaweka mfuko chini. Na kwa kuwa vidole vyangu havina adabu, vikateremka vyenyewe chini ya ukingo wa ubao, vikitarajia mkia. Vikakuta masikio mawili marefu. Nikapiga magoti. Paji la uso. Macho yaliyofumbwa nusu. Pua pana, na mdomo unaotaka kutabasamu.

"Mzee!" nikaita mlangoni. "Huyu ana uso!"

Nje nikasikia spana ikisita, na ule wimbo wa kanisani ukaanza, kwa sauti isiyo yake. Aliyenijibu alikuwa mkewe, kutoka jikoni, katikati ya mlio wa maji yakimiminwa sufuriani.

"Ni punda," akasema. "Amefika."